Seti ya Themanini na Mbili

Uwani ana miaka themanini na ushei sasa, na magoti yake yamegoma, lakini mtajie Kano ya zamani, ile ya Naijeria, uone kama hatajiweka sawa kwenye mkeka. Atakuambia mji ulinuka ngozi na karanga za kukaanga, na harufu ile ilikuwa nzuri kuliko manukato yenu haya ya dukani. Atakuambia watu walisalimiana mpaka wakachoka. Zaidi ya yote atakuambia kwamba vyumba vya wanawake vya siku zile vilikuwa vyumba.

Na hapo hasemi uongo. Siku hizi bi harusi analetewa kabati la vioo na televisheni pana kama mlango; mwaka wa pili televisheni imekufa na kabati halifungi. Siku zile ukuta mzima ulipangwa mabakuli ya enameli, yale ya bati zito lenye ganda la rangi linalong'aa, makubwa chini, madogo juu, mpaka darini. Mama alianza kuyakusanya binti akiwa bado ananyonya. Na hakuna aliyekula ndani yake. Watu walikula kwenye vibuyu na mabakuli yaliyopauka, haya mazuri yakakaa ukutani kungoja harusi, uzazi au mgeni mwenye hadhi yake. Mwanamke alilala akiyatazama, akaamka akiyatazama, na mume akimkera aliyageukia akayapangusa moja moja mpaka hasira ziishe. Televisheni ya nani inaweza kazi hiyo?

Uwani alikuwa dalali wa vyumbani. Wake za watu wa Kano walikaa ndani, kwa hiyo soko liliwafuata kwa miguu ya wanawake kama yeye, wajane waliokwisha kufikia umri wa kutembea mchana bila kuulizwa waendako. Mwanamume yeyote, awe tajiri namna gani, aliishia kwenye ukumbi wa mlangoni. Uwani alipita na mzigo wake kichwani, akaingia hadi kitandani kwa mke wa mwenye nyumba, akakaa, akapewa maji, akapewa na habari. Milango kama mia tatu ilimfungukia hivyo, kuanzia Dala mpaka Yakasai.

Kilichomfungulia si ulimi, ingawa ulimi alikuwa nao, Mungu alimpa bila kupima. Ni kwamba kitu kilichopita mkononi mwa Uwani hakikukaguliwa. Mtu akiambiwa, "Kimetoka kwa Uwani," basi, kinapangwa ukutani. Hakuwa na shamba wala nyumba ya kupangisha. Imani hiyo ya wanawake ndiyo iliyokuwa mali yake yote, na alijua kwamba siku ikiondoka itaondoka na milango yote mia tatu kwa mpigo.

Mabakuli aliyachukua kwa Alhaji Shitu, mtu wa Zaria aliyefungua kiwanda huko Bompai, chapa yake korongo aliyesimama kwa mguu mmoja chini ya kila bakuli. Watu wa Kano na watu wa Zaria ni watani tangu enzi za mababu, kila upande unadai upande wa pili ni watumwa wake, kwa hiyo biashara ya wawili hawa ilikwenda kwa matusi mazuri kabisa. Kila pambo jipya Alhaji alimpa Uwani kwanza. Wanawake wakilipenda, ndipo alilitengeneza kwa wingi na kulipeleka sokoni.

Mwaka wa sabini na nane pambo jipya lilikuwa maua mekundu. Seti themanini na mbili, kila seti mabakuli kumi na mawili ya kuingiana. Wekundu wake, jamani, ulikuwa wekundu wa kumfanya mtu asahau alichokuja kusema. Miezi miwili haikuisha, Uwani hakubaki na hata moja.

Mwezi wa tatu akaalikwa akika huko Dala kwa Hajiya Ladidi, mteja wake wa miaka. Mabakuli ya maua mekundu yalikuwa yameshushwa ukutani kwa heshima ya mtoto, yakajazwa uji wa ukwaju tangu alfajiri. Uwani alipopewa la kwake, karibu na adhuhuri, aliona uji una wekundu pembezoni.

"Mmetia nini humu?" aliuliza.

"Ukwaju na sukari, kama siku zote," alisema Hajiya Ladidi. "Si unaona hata uji umefurahi? Umevaa rangi ya harusi."

Wanawake wakacheka. Uwani naye alicheka, lakini alipitisha kidole ndani ya bakuli na kidole kikatoka chekundu. Pembeni mtoto wa miaka mitatu alikuwa anatapika kwenye kanga ya mama yake, na mama anasema ni meno. Uwani akamwaga uji wake, akalifunga bakuli katika mtandio, akaondoka bila hata kuaga vizuri.

Alhaji Shitu alimsikia akiingia ofisini, wala hakuinua kichwa. "Nani amemfungulia lango mtumwa wangu wa Kano?"

"Mtumwa ni wewe," alisema Uwani, "na leo bwana wako amekuja na fimbo."

Aliweka bakuli mezani, akakata ndimu aliyoinunua njiani, akakamulia juu ya maua, kisha akachukua leso nyeupe ya Alhaji pale pale mfukoni mwake na kupangusa. Leso ikawa nyekundu. Utani ukamtoka Alhaji usoni.

"Rangi ile ya zamani ilichelewa bandarini," alisema. "Nikanunua kwa mtu mwingine. Alinionyesha karatasi zenye mihuri."

"Karatasi hainywi uji, Alhaji."

Alhaji akalipeleka bakuli maabara, na siku mbili baadaye jibu likaja. Rangi ile haikuungana sawasawa na ganda. Kitu chochote kichachu kiliitoa, na ilikuwa na sumu. Si sumu ya kuua leo kwa leo. Ni ile inayokaa mwilini ikafanya kazi yake taratibu, mbaya zaidi kwa watoto na kwa mama anayenyonyesha. Ndugu za Alhaji wakamshauri anyamaze. Mabakuli yenyewe yanakaa ukutani, wakasema, nani anakula humo? Ukitangaza, hata yale mazuri hayatanunuliwa, na korongo wako atalala njaa.

Alhaji akamwita Uwani amsikie naye. Nadhani alitaka akubaliane nao, ili wawe wawili katika kunyamaza.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Uwani alisema. "Yanakaa ukutani, sawa. Lakini hushushwa lini? Siku ya uzazi. Yaani tunaingoja siku ambayo ndani kuna mzazi na mtoto mchanga, ndipo sumu yetu ishuke. Wewe Alhaji watu wanakujua kwa picha ya ndege chini ya bakuli. Mimi wananijua uso. Mimi ndiye niliyeyaingiza."

Alhaji alizungusha tasbihi yake, akasema yote yatarudi, hata kama itambidi afunge kiwanda. Nampa haki yake kwa hilo. Wenye viwanda wangapi wa leo wangesema hivyo?

Ila sasa, mtu wa Zaria ni mtu wa Zaria. Ana moyo, papara inamponza. Kesho yake saa nne asubuhi alituma wachukuzi wanne kwenye nyumba ya kwanza kati ya ishirini alizowahi kutajiwa na Uwani, mtaani Yakasai, na mke mkubwa wa nyumba akawatolea mabakuli hadi mlangoni. Wachukuzi wakajitwika, wakaongozana barabarani, maua mekundu yanawaka juani. Hapo Kano mabakuli ya mwanamke hutoka nyumbani vichwani mwa watu kwa mambo mawili tu: amekufa, au amepewa talaka. Na mwenyewe alikuwa ameonekana mzima.

Kabla wachukuzi hawajafika kona ya pili, wanawake walikuwa wanalia huku wakichungulia juu ya kuta. Mama mzazi wa yule mke akaja mbio, kiatu mguu mmoja, akimlaani mkwewe na ukoo wake. Mume mwenyewe alikuwa dukani kwake katika soko la Kurmi, hajui hili wala lile, watu wakaanza kuingia kumpa pole. "Ni mitihani, ndugu yangu, lakini miaka kumi na minne ungevumilia kidogo." Maskini akafunga duka, akaenda kumwuliza mke wake, "Jana usiku nilikuambia nini?"

Siku ile milango kumi na tisa ilifungwa. Wachukuzi wakarudi na seti moja na alama ya jiwe mgongoni.

"Basi tena," Alhaji alisema. "Hawatoi."

"Watatoa," alisema Uwani. "Lakini utafanya ninavyokuambia, na hutafungua mdomo mpaka nimalize."

Alitaka hivi. Kwanza, mkono mtupu haulambwi: mabakuli mapya yaingie kabla ya mabovu kutoka, seti kwa seti, yale ya ndege wa kijani ambayo rangi yake imejaribiwa miaka. Yaingie mchana kweupe na vigelegele, ili mtaa mzima ujue mwanamke ameletewa zawadi. Mabovu yatoke ndani ya vikapu vilivyoleta mapya, yamefunikwa mikeka. Kila bakuli bovu litobolewe kwa msumari mbele ya mwenyewe, asije mtu akasema Uwani anakwenda kuyauza Katsina. Na Alhaji asitume mtu. Aje mwenyewe, kila nyumba, akae kwenye ukumbi wa mlangoni amwombe radhi mume, wakati Uwani anamwomba radhi mke chumbani.

"Nyumba themanini na mbili?" Alhaji aliuliza. "Uwani, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana utapewa pa kukaa."

Akamwimbia orodha. Kusoma hakujua, lakini vichwani mwa madalali wa siku zile mlikuwa na zaidi ya daftari. Aliufuata mji kama alivyoutembea, mlango kwa mlango, huyu mke wa pili wa mshona kofia, huyu shemeji yake yule mwenye ng'ombe, na Alhaji anaandika kwa mkono wake.

Ilichukua wiki tano. Asubuhi kwenye baridi ya vumbi la Desemba walitoka, Uwani mbele na wanawake wanne wa vigelegele, Alhaji nyuma na kanzu yake iliyotiwa wanga na punda wawili wa vikapu. Uwani hakuyatia maneno sukari. Aliingia, akakaa, akasema, "Mimi ndiye niliyekuletea sumu. Sikujua, lakini ni mimi." Wengine walilia. Mmoja alimrushia kifuniko. Hajiya Ladidi, ambaye mjukuu wake ndiye aliyetapika ile siku, alimtazama Uwani mpaka Uwani akainamisha kichwa.

"Angekuja mwanamume kunieleza haya, ningemmwagia maji," alisema mwishoni. "Haya, yashushe. Na hayo ya ndege uyapange vizuri, si unajua nilivyo."

Huko nje Alhaji alipata kahawa, kola za kutafuna na maneno. Alitukanwa na wakwe wa watu, alisamehewa na vikongwe. Mzee mmoja kipofu alimshika mkono akamwambia hajapata kuona mwenye kiwanda, na hata leo hajamwona, lakini amefurahi. Hata sasa Uwani akizikumbuka asubuhi zile hucheka peke yake, yule bwana mkubwa anavyonyanyuka kwenye mkeka huku anashika kiuno, halafu wanamwambia bado nyumba mbili kabla ya adhuhuri. Watu walianza kuwasubiri barabarani. Mambo yakageuka: aliyekuwa hajafikiwa alituma mtoto kuuliza zamu yake lini. Na wanawake ambao hawajawahi kununua korongo wakaanza kuulizia, kwa sababu wapi umesikia fundi anafuata kosa lake mpaka mlangoni kwako?

Wiki ya tano wakahesabu pale kiwandani. Seti themanini na moja.

"Moja imepungua," alisema Alhaji.

"Hiyo ilivunjika," alisema Uwani upesi.

"Bati limevunjika? Nyinyi watu wa Kano mna nguvu." Alicheka, halafu akaona uso wake, akaacha kucheka. "Uwani. Iko wapi?"

Ilikuwa Gwale, mwendo wa robo saa kutoka kwa Uwani, kwa yule mtu wa Gwale. Ndivyo Uwani alivyomwita alipolazimika kumwita. Alikuwa binti yake, mtoto wake wa kwanza, na mtoto wa kwanza hatajwi jina na mama yake, habebwi mbele za watu, hasifiwi, hafuatwi kwa mumewe. Ndivyo walivyolelewa. Kumwonea haya mtoto wa kwanza ndiyo adabu ya mwanamke, na Uwani alikuwa na adabu kuliko wenzake wote. Binti alipoachishwa ziwa alipelekwa kwa bibi yake. Alipokuja nyumbani kujifungua kifungua mimba, ni Laraba, mke mwenza wa Uwani na sasa mjane mwenzake, aliyemwogesha maji ya moto. Uwani alipita uani akiutazama ukuta. Miaka tisa ameolewa, Uwani hajawahi kukanyaga mlango wake.

Lakini zile seti themanini na mbili zilipotoka tanurini, Uwani alizifungua zote, akachagua ile iliyokolea rangi kupita nyingine, akampa Laraba ampelekee bila kusema imetoka kwa nani. Hiyo ilikuwa ya kwanza kutoka. Na siku ile anamwimbia Alhaji orodha, alipofika Gwale mdomo uliruka nyumba ile kama mguu unavyoruka shimo la mlangoni kwako, kwa mazoea. Ukimwuliza leo atakuambia alisahau. Mimi nasema alijua jioni ile ile, akajiambia Laraba atakwenda, na kila siku akapata sababu ya kusubiri kesho.

Sasa akamtuma. Laraba akaenda na seti ya ndege wa kijani, akarudi nayo.

"Hatoi," alisema Laraba akishusha mzigo. "Amesema aliyempa aje ayachukue mwenyewe."

"Umemwambia yana nini?"

"Nimemwambia. Anasema Uwani amepita mji mzima, kwake hakupita, basi labda ya kwake ni mazima." Laraba alikaa chini, akavua kandambili. "Tena nikuambie la kweli. Hajayapanga ukutani. Anayanywea. Ana wiki tatu tangu ajifungue, uji wa ukwaju asubuhi na jioni, humo humo. Tumbo linamsokota, amekonda, macho yamemtoka hivi. Wanadhani ni uzazi."

Uwani alikivuta karibu naye kikapu cha mabakuli ya ndege. Laraba akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba huko Gwale wameanza kusema vilevile: mbona dalali amekusanya ya kila mtu, ya mwanawe ameyaacha? Mabovu gani hayo?

Niambie wewe ungefanya nini. Akienda, Kano nzima itasema Uwani amevua haya uzeeni, amemfuata mtoto wa kwanza kwa mumewe kama mtu asiye na kwao. Asipoenda, milango aliyoipigania wiki tano itaanza kufungwa mmoja mmoja, na hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa lilikuwa huko kwenye uji wa ukwaju.

Akajifunga kanga, akajitwika kikapu, akatoka. Hakuchukua wanawake wa vigelegele wala hakumwita Alhaji. Laraba akamwita, "Hujala tangu jana," lakini alikuwa amekwisha kufika barabarani. Ilikuwa saa tano za mchana, watu wote wako nje, na walipomwona anakunja kona ya Gwale walinyamaza. Alimkuta mkwewe kwenye ukumbi wa mlangoni. Kijana wa watu aliona mama mkwe anamjia, akafunika uso kwa kofia na kukimbilia uani kwa jirani, kama inavyompasa. Uwani akapita.

Chumba kilikuwa safi. Ukutani palikuwa na mabakuli ya zamani, ya njano na ya buluu, yamepangwa vizuri, na katikati pengo. Yale ya maua mekundu yalikuwa sakafuni karibu na jiko la mkaa, matatu yana uji, moja lina kijiko. Binti alikuwa kitandani na mtoto kifuani. Uwani alijua amekonda, Laraba alimwambia, lakini kuambiwa si kuona.

Alifanya kama alivyofanya nyumba themanini na moja. Akashusha kikapu, akakaa, akatazama mkeka.

"Mimi ndiye niliyekuletea sumu," alisema. "Sikujua, lakini ni mimi. Nimekuja kuyachukua. Nimeleta mengine."

"Karibu, Hajiya dalali," alisema binti.

Halikuwa tusi, lakini Uwani angependa liwe tusi. Mtoto alinyonya. Huko uani mchi ulikuwa unatwanga, ukaacha. Watu walikuwa wanasikiliza.

"Mwaka wa tisa," binti alisema. "Nimezaa watatu chumba hiki hiki, ukimtoa yule wa kwanza. Mmoja nimemzika. Hukuja. Nikasema ni haya, mama yangu ana haya, na mimi wa kwangu wa kwanza simtaji, najua. Leo umekuja. Umefuata mabakuli."

"Yanakudhuru."

"Wenzangu wanayapanga ukutani wayatazame. Unajua kwa nini mimi niliyashusha?"

Uwani akatikisa kichwa.

"Laraba alisema yametoka sokoni. Laraba hajui kudanganya, anakuna sikio. Nikajua ni wewe. Ndicho kitu cha kwanza kutoka mkononi mwako kuja kwangu tangu nizaliwe." Alimhamisha mtoto upande wa pili, taratibu, kwa sababu tumbo lilimuuma. "Nikasema hiki sikitazami. Nitakila na kukinywa mpaka kiishe."

Uwani alikuwa amesikia mengi katika wiki tano zile, vilio, laana, vifuniko vya kurushwa, na kwa kila moja alikuwa na neno. Hapa alitumia mikono. Alijisogeza kwa magoti mpaka kwenye jiko, akachukua bakuli lenye uji, akaumwaga kwenye ndoo ya majivu, akachukua la pili.

"Niachie moja," binti alisema. "Sitalinywea. Nitaliweka tu."

"Hata moja."

"Basi usiguse. Ni yangu. Mwenye mali hajatoa."

Mkono wa Uwani ukasimama juu ya bakuli la tatu. Alisikia watu uani wanavyopumua, jirani, mawifi, mkwewe huko nyuma ya ukuta na kofia yake usoni. Aliwasikia wote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hawakumhusu.

"Rakiya," alisema.

Jina lilitoka limekwaruza, kama mlango usiofunguliwa. Binti aliinua uso. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa hajawahi kulisikia kwa sauti ile.

"Rakiya, mwanangu, nilichagua hayo kwa sababu yalikuwa mekundu kuliko yote. Nilizifungua seti zote themanini na mbili nikutafutie wewe. Nipe. Nitakuja kesho na kitu kingine, na kesho kutwa nitakuja bila kitu. Wacha waseme."

Rakiya alilia kama wanavyolia watoto, mdomo wazi, bila kujificha. Uwani hakuutazama ukuta. Alipanda kitandani, mjane wa Kano mwenye heshima zake, akamchukua mjukuu kwa mkono mmoja na kumkumbatia mamake kwa mwingine, na huko uani mtu mmoja akasema, "La ilaha illallah," halafu mchi ukaanza tena kutwanga.

Baadaye Rakiya alishuka mwenyewe. Akayasuuza mabakuli kumi na mawili, akayafuta, akamkabidhi mama yake moja moja kwa mikono miwili, na Uwani akayatoboa kwa msumari. La mwisho lilipotobolewa, Rakiya alilitazama kidogo, akaliweka kikapuni na wenzake.

"Umekula, mama?" aliuliza.

Mwanamke mwenye adabu zake hali kwa binti yake wa kwanza. Husema ameshiba, hata kama ana siku mbili hajala, akafunga kanga yake akaenda zake.

"Sijala," alisema Uwani.